Kopo Lenye Karatasi

Nilianza na kalamu, si na kinu.
Nyuma ya daftari la zamani la Kalunde, la hesabu,
nikaandika: siagi ya karanga, kopo dogo, elfu sita na mia tano.
Chini yake: karanga, kilo, soko kuu, elfu tatu.
Kilo inatoa makopo mawili na kidogo cha kulamba.
Nikapiga mstari. Nikapiga hesabu upya,
kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi mno.

Malipo ya tumbaku yalikuwa bado.
Mihayo alisema wiki ijayo, na Wiki Ijayo
amekuwa jirani yetu hapa Isevya,
tunasikia habari zake, hatujamwona akipita.

Basi nikakaanga.
Za kwanza ziliungua, nilikuwa naongea na Mama Shija.
Karanga hazitaki maneno:
koroga, nyamaza, sikiliza
mpaka ngozi zianze kupasuka
na harufu ivuke uzio.
Nikapepeta. Maganda mekundu yakaingia kwenye nywele,
kwenye ndoo ya maji, kwa kuku wa watu.
Kisha kinu. Kwanza unga. Halafu tope zito
linaloushika mchi kama mdai aliyekukuta njiani.
Hapa wengi huongeza mafuta.
Usiongeze. Twanga.
Mafuta yamo humo humo,
yanangoja kuona kama kweli umekusudia.

Nisidanganye, si kila kitu kilinilipa.
Sosi ya nyanya niliipika kutwa nzima,
mkaa wa elfu mbili, nikapata chupa moja na nusu.
Ile nzima ikafura, ikafyatua kifuniko usiku wa manane,
Mihayo akatoka na panga kumtafuta mwizi.
Sosi ninanunua mpaka leo, bila aibu.
Lakini pilipili ya siki, ndiyo.
Binzari, ndiyo. Maziwa ya mgando, ndiyo,
ukimshinda paka.
Mwezi wa nane daftari likasema
elfu ishirini na moja na mia nne
hazikwenda kwa Mangi.
Zilikwenda kwenye ada, kwa hiyo
hata sura yake sikuiona.

Kalunde, kidato cha kwanza, bweni, Nzega.
Alipiga kwa simu ya matroni:
Mama, ukija, njoo na ile ya dukani.
Yenye karatasi.
Akanyamaza kidogo.
Wenzangu wote wana yenye karatasi.

Sikukasirika.
Nilikasirika. Niliosha vyombo vyote, hata visafi.
Kisha nikaingia chini ya kitanda, nikalitoa
lile kopo la mwisho kununuliwa,
karatasi yake ipo, pembe moja imebanduka.
Nikaigandisha kwa uji wa muhogo.
Nikajaza. Nikafuta mdomo wake kwa kanga.
Kwenye basi nililipakata njia nzima
kama mtu aliyebeba noti bandia.

Alilipokea mbele ya wenzake,
akaligeuza ili waone maandishi.
Akatia kidole, akalamba,
akatafuna kitu kidogo sana,
akaniangalia.
Mimi nikaangalia bendera.

Wiki tatu baadaye kopo likarudi na kondakta,
tupu, limeoshwa, ndani yake kikaratasi kilichokunjwa mara nne:

Mama, imekwisha. Wameimaliza wao.
Wanauliza ni duka gani, nimesema la mbali.
Siku ile nilitafuna ganda jekundu,
nikajua ni la kinu chetu.
Jaza tena.
Ila pembe iangalie, inabanduka.